Mtoto wa miaka 13 katoka stendi, hajui kusoma: darasa la pili, MEMKWA au ufundi?

#1 Kisiki cha Mpingo
Wakuu, habari za jioni.

Naweka dai mezani, mlipinge. Mtoto aliyelala stendi miaka mitatu hatoroki shule kwa sababu ameuzoea mtaa. Anatoroka kwa sababu tunamrudisha darasa lilelile aliloliacha siku alipotoka nyumbani. Kijana wa miaka 13, sauti imeshaanza kuwa nzito, anabanwa dawati moja na watoto wa miaka 8. Siku ya nne hayupo.

Kesi iliyopo: mvulana, aliishia darasa la pili, sasa ana wiki tatu kwenye makao ya muda. Afisa elimu kata anasema aanze darasa la pili. Mwalimu mkuu anasema MEMKWA, ule mpango wa waliokosa shule, ila mtoto anatimiza 14 mwezi wa tisa. Mwenyekiti wa mtaa anasema tusipoteze muda, apelekwe gereji. Wanaoijua kazi hii naomba mnieleze hatua kwa hatua.

#2 Chaki Nyeupe
Kabla ya kubishana darasa, mpime. Kipimo ni dakika 20, hakihitaji mtaalamu. Uwe na karatasi nne: ya silabi, ya maneno mafupi (baba, kuku, meza), ya aya ya sentensi nne, na ya hadithi ya nusu ukurasa yenye maswali mawili mwishoni. Ndiyo ngazi ambazo Uwezo, wale watafiti wa elimu, wanazitumia kupima watoto majumbani. Anza na aya, usianze na silabi. Akishindwa aya, shuka kwenye maneno. Akiiweza, panda kwenye hadithi. Ukianza na silabi kijana wa miaka 13 anaona unamfanya mtoto mdogo, anajifunga, halafu unaandika "hajui kusoma" wakati anajua.

Mpime peke yake, wenzake wasiwepo. Mkalishe ubavuni mwako, msitazamane kama polisi na mtuhumiwa. Mpe penseli na si kalamu, ili akikosea afute mwenyewe. Angalia anavyoishika. Mtoto aliyekaa miaka mingi bila kuandika anaikamata kwa ngumi na kukandamiza mpaka karatasi inatoboka. Huyo mkono unachoka kwa mistari mitatu tu, na mwalimu asiyejua atasema ni mvivu wa kunakili.

Hisabati usiiache. Nitarudi.

#3 Ng'wana Kwimba
MEMKWA ni miaka miwili tu na hakuna mtihani wa taifa mwishoni. Mtoto anapoteza muda. Bora gereji.

#4 Ustawi Kwanza
#3 si kweli, naomba tusahihishe mapema kabla mtu hajaifanyia kazi.

MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, ulianza kama majaribio miaka ya mwisho ya 1990 na una makundi mawili. Kundi la kwanza ni wadogo, mpaka miaka 13. Wanasoma kwa mtaala uliofupishwa, wanafanya mtihani wa darasa la nne, wanaofaulu wanaingia darasa la tano la kawaida. Kundi la pili ni miaka 14 hadi 18, nao wanakwenda mpaka mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kwa hiyo mtihani wa taifa upo.

Kwa kesi ya #1, huo mwezi wa tisa ndio kila kitu. Akiandikishwa sasa anaingia kundi la kwanza, na mlango wa darasa la tano upo wazi. Mkisubiri Januari, kuna mahali atawekwa kundi la pili pamoja na vijana wa miaka 17, na yeye silabi bado.

Sasa sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 16, inamhesabu mtoto anayezurura bila makazi kuwa ni mtoto anayehitaji ulinzi na matunzo. Kumpokea hapo si hisani, ni wajibu wa halmashauri kupitia afisa ustawi wa jamii. Mtoto asikae kwenye makao, wala kwa mtu binafsi, bila afisa huyo kufungua jalada. Bila jalada, siku mtu akitokea na kusema "huyu ni mwanangu", hamna cha kushika. Kama hamjui pa kuanzia pigeni 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

#5 Mzee wa Stendi
Mimi nampinga mleta uzi. Hoja ni pesa.

Mtoto wa stendi ana kazi. Anabeba mizigo, anaosha magurudumu, anakusanya chupa na chuma chakavu. Jioni ana noti mkononi, anakula chipsi anazozichagua mwenyewe. Mnamleta darasani saa moja asubuhi, uji ni saa nne kama shule ina uji, na mfukoni hana hata mia. Tena wengi wana mtu nyumbani wanayemtumia pesa: mdogo wao, au bibi. Hilo hamuulizi. Anatoroka Ijumaa kwa sababu Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za abiria wengi. Fuateni daftari la mahudhurio mtaona ni siku gani anakosekana, ndipo mjue sababu. Akikosekana siku za mzigo, ni pesa. Akikosekana siku za hisabati, ni darasa. Akiondoka usiku, jambo liko bwenini.

#6 Kisiki cha Mpingo
#5 hiyo ya daftari la mahudhurio sikuwahi kuifikiria. Asante sana.

#7 Nesi wa Zamu
Mmeacha mwili. Watoto wengi wa vijiwe wamevuta gundi. Ndani ya gundi nyingi za viatu kuna toluini, na ikitumika muda mrefu inagusa kumbukumbu, umakini, kusikia na kuona. Wiki za kwanza bila gundi kichwa kinauma, usingizi haupo, hasira ziko karibu. Mkimpeleka darasani siku ya tatu anarusha ngumi, anafukuzwa, na kesi imeisha.

Halafu usingizi wenyewe. Mtaani mtoto hulala kwa vipande vipande, anaamka kila mlinzi akipita au wakubwa wakija kupekua mifuko. Analala kwa uhakika alfajiri, watu wakianza kujaa. Mwili haujui kuwa sasa kuna kitanda. Asinzie saa tatu asubuhi, mwalimu anasema hana nia.

Kabla ya sare, haya: macho yapimwe, masikio yatazamwe (usaha wa muda mrefu ni jambo la kawaida sana kwao), minyoo, vidonda vya miguuni, meno. Darasani akae mbele, upande wa sikio linalosikia vizuri. Na mwezi wa kwanza masomo yaanze saa tatu, dakika 30 kisha mapumziko, kisha dakika 30. Kurefusha ni jambo la wiki ya tano.

#8 Chaki Nyeupe
Nimerudi, hisabati.

Mtoto wa stendi ukimwandikia 200 − 35 kwa kusimamisha, anaweza kukuandikia 235 au 175. Muulize hivi: "Umeuza maji ya mia tano, mteja kakupa elfu mbili, amechukua chupa tatu, chenji ngapi?" Anajibu kabla hujamaliza. Hili limepimwa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1985 kutoka Recife, Brazili, juu ya watoto watano wauzaji wa mitaani. Maswali ya biashara yao walipata asilimia 98. Hesabu zilezile zilipoandikwa kama za shule, wakapata asilimia 37 hivi. Mmoja aliulizwa bei ya nazi 10 kwa 35 kila moja. Shuleni tungeongeza sifuri. Yeye alikwenda kwa tatu tatu: tatu ni 105, na tatu 210, na tatu 315, na moja 350. Njia ndefu, ila ni sahihi, na ni yake mwenyewe.

Kwa hiyo usimfundishe kutoa kama vile hajui kutoa. Mwambie akueleze alivyofanya kichwani, wewe uandike ubaoni kile anachokisema, kisha mwonyeshe kuwa kusimamisha namba ni hicho hicho kilichoandikwa. Hapo kuna watoto wanaruka madarasa mawili ya hisabati kwa muhula mmoja huku kusoma kukiwa bado nyuma. Ndiyo maana #1 sikubaliani na darasa moja kwa kila somo. Mwalimu mwenye moyo anaweza kumweka hisabati na la nne, na Kiswahili kwenye kikundi cha KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu).

#9 Mzee wa Stendi
#8 hapo umenigusa. Ila shule yenye watoto 120 darasa moja, nani atafanya hayo?

#10 Chaki Nyeupe
Kwa mikondo ya namna hiyo haiwezekani saa za kawaida, sikatai. Inawezekana saa nane mchana hadi saa tisa na nusu, mwalimu mmoja, watoto wasiozidi 15. Wakizidi hapo kipimo cha kila wiki hakifanyiki.

#11 Mwana wa Eastlands
Hamjambo ndugu zetu. Huku Nairobi mambo ni yale yale, na kuna mfano wa zamani unaofaa kutazamwa. Shule ya Starehe ilianza mwaka 1959 kwa vibanda viwili vya mabati, ikipokea wavulana wasiokuwa na makao wakati wa hali ya hatari ya enzi za Mau Mau. Waanzilishi ni Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Jambo waliloshika ni kwamba wavulana wenyewe waliendesha shughuli za kila siku, na kulikuwa na baraza ambapo mwanafunzi anasema lake mbele ya mkurugenzi bila kuadhibiwa. Kijana aliyezoea kujiamulia mtaani ukimnyima sauti kabisa, atarudi aliko na sauti. Hiyo ndiyo sababu yangu mimi, si pesa wala darasa.

Pia Undugu Society, shirika la watoto wa mtaani huku kwetu, tangu miaka ya 1970, walikuwa na mpango wao wa elimu ya msingi wa hatua chache kisha ufundi. Yaani kusoma na mikono havikutenganishwa.

#12 Ng'wana Kwimba
Si hiyo Starehe ni shule ya watoto wa wakubwa?

#13 Mwana wa Eastlands
Hapana ndugu. Baadaye ilianza kupokea hata wenye uwezo wanaolipa, kwa sababu matokeo yalikuwa mazuri, lakini mizizi ni hiyo niliyosema. Wengi wanaisikia ikiwa kwenye orodha ya shule bora wasijue ilikotoka.

#14 Karani wa Usajili
Naona wote mnazungumza darasa na mwili. Naomba nizungumze karatasi, maana huyu mtoto akifika darasa la saba karatasi ndizo zitakazomkwamisha.

Kwanza, kukosa cheti cha kuzaliwa si sababu ya kumkatalia mtoto kuandikishwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inalazimisha mtoto aliyefika umri aandikishwe. Kwa hiyo aanze shule, cheti kifuate. Lakini kifuate kweli, kisisahaulike.

Pili, namba ya PREM. Aliyefika darasa la pili shule ya serikali huenda tayari ana namba kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Shule mpya ikimfungulia namba nyingine, mbele ya safari anatokea mara mbili, na usajili wa mtihani unagoma wakati siku zimebaki chache. Mpigieni mwalimu mkuu wa shule ya zamani, amtafute kwa jina na mwaka aliojiunga, kisha amhamishe ndani ya mfumo. Kama jina halikumbukwi vizuri, tumieni jina la mama na kijiji.

Tatu, majina. Watoto wa mtaani wanabadilisha majina, na wana sababu zao. Stendi anaitwa hivi, kituoni alijiandikisha vile, nyumbani jina jingine. Jina litakaloingia kwenye usajili wa mtihani wa darasa la saba linamfuata mpaka kidato cha nne. Siku anaomba mkopo wa chuo, jina la cheti cha kuzaliwa na la cheti cha mtihani yanalinganishwa herufi kwa herufi, na vyeti vya vifo vya wazazi vinahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. "Juma Masanja" na "Juma Masanja Elias" ni watu wawili mbele ya mfumo. Kaeni naye sasa, mkubaliane jina moja la majina matatu, liandikwe hivyohivyo kila mahali.

Nne, ushahidi wa kuzaliwa. Kadi ya kliniki ikipotea, tafuteni cheti cha ubatizo, rejesta ya shule ya kwanza, au barua ya mtendaji wa kijiji alichozaliwa. Rejesta ya shule inasahaulika sana, na mara nyingi ndiyo pekee iliyobaki.

#15 Kisiki cha Mpingo
Karani, Mungu akubariki. Huyu ana majina matatu kweli, kila ofisi na lake.

#16 Fundi Bomba
Narudi kwa mwenyekiti wa mtaa aliyesema gereji, maana mnampita kama hakusema kitu. Ufundi si dampo la walioshindwa shule. Ila miaka 13 gereji hapana. Umri wa chini wa ajira kisheria ni 14, na hata hapo ni kazi nyepesi isiyomzuia shule. Kushika gesi ya kuchomelea si kazi nyepesi.

Na gereji bila kusoma inamfunga. Fundi asiyesoma hawezi kufuata mchoro wa waya, hawezi kusoma kipimo kwenye vernia, hawezi kuandika makadirio ya kazi kwa mteja. Mtaala wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, una nadharia na mtihani wa kuandika. Kwa hiyo KKK kwanza, mikono kidogo kidogo: Jumamosi karakana ya makao, apewe patasi na msumeno, atengeneze kitu kimoja kinachoonekana. Kigoda kinatosha. Akifikisha umri, chuo cha ufundi ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Na akikulia kazini bila cheti, kuna utaratibu wa VETA wa kumpima aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti.

#17 Ng'wana Kwimba
Sasa akipita huko kundi la pili, akamaliza la saba na miaka 17, kidato cha kwanza nani atampokea? Ndiyo maana mimi naona gereji tu. TEWW, ile taasisi ya elimu ya watu wazima, wana ule mtihani wao wa QT, lakini mtihani ule si mpaka uwe mfanyakazi?

#18 Ustawi Kwanza
Ng'wana, QT inatungwa na Baraza la Mitihani, si TEWW. TEWW na vituo vingine wanafundisha tu. Na si lazima uwe mfanyakazi. Ni kwa yeyote ambaye hakupita mfumo wa kawaida wa sekondari na anataka kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anafanya QT, akifaulu ndipo anajisajili kidato cha nne. Hufanyika Novemba.

Inapoharibikia: kijana anasoma peke yake usiku, anachagua masomo mengi, hana maabara, anafeli sayansi na kukata tamaa. Achague machache anayoyaweza, na akae kwenye kituo chenye walimu hata siku tatu kwa wiki.

Kuna jambo la wakati pia. Kwa sera mpya, mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, hivyo kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Mtoto asiye na mtu wa kumfuatilia nafasi ndiye anayeachwa kwanza.

#19 Binti Pwani
Uzi mzima "kijana, mvulana". Wasichana wako wapi? Hawaonekani stendi kwa sababu usiku wanachukuliwa: kazi za ndani, mama lishe, na mabaya kuliko hayo. Ukihesabu watoto wa kijiweni unahesabu wavulana, na mpango unapangwa kwa wavulana.

Kwa msichana mpangilio unabadilika. Anayempokea awe mwanamke. Hospitali kwanza, kabla ya maswali mengi. Dawati la jinsia na watoto polisi likihitajika, aende na mtu anayemwamini. Akiwa na mtoto, haki ya kurudi shule ipo: tangu Novemba 2021 serikali iliondoa zuio, na waraka ukatolewa. Lakini waraka haulei mtoto. Nani anakaa na mtoto wake saa mbili asubuhi mpaka saa tisa? Lisipojibiwa hilo, anaacha ndani ya mwezi na anaandikwa mtoro. Pedi pia ziwe kwenye bajeti ya kila mwezi kama madaftari yalivyo.

#20 Mzee wa Stendi
#19 kweli kabisa. Nakubali kosa, ile hesabu ya siku za mzigo haiwahusu wao.

#21 Mama wa Makao
Wote mmepita mbali na nyumbani. Nasema sababu ni nyumbani, na shule inabeba lawama bure. Mtoto alitoka kwa kipigo, au baba wa kambo, au njaa. Mkimrudisha bila kulitatua lile, hata apewe mwalimu wa dhahabu ataondoka.

Utaratibu unaofaa: safari ya kwanza nyumbani mtoto haendi. Anakwenda afisa ustawi na mtu mmoja, wanasikiliza. Msibebe zawadi, maana familia itasema ndiyo kwa sababu ya mchele. Safari ya pili mtoto anakwenda, anarudi jioni ileile. Ya tatu analala usiku mmoja. Muombe mwenye nyumba akuonyeshe mahali mtoto atakapolala. Usiulize, ona kwa macho. Akikuonyesha kona yenye magunia ya mahindi na kusema "tutayatoa", hapo bado. Akikuonyesha mkeka uliokwisha tandikwa pembeni ya wadogo zake, hiyo ni dalili. Ikishindikana kabisa, kuna walezi wa kuaminika wanaosajiliwa kupitia ustawi. Makao yawe ya mwisho.

Na kwenye makao mpeni sanduku la bati lenye kufuli, ufunguo aufunge shingoni. Mtoto aliyeibiwa kila usiku hawezi kuacha daftari mahali pa wazi. Analala nalo, linachanika, shuleni anachapwa kwa kuchana daftari.

#22 Ng'wana Kwimba
Elimu si bure jamani? Gharama zote hizi za nini?

#23 Chaki Nyeupe
Bila ada, ndugu, tangu 2016. Sare, viatu, madaftari na matibabu ni vya mzazi au mlezi kwa waraka uleule wa elimu bila ada. Na mtoto asiye na mzazi lazima kuwe na jina la mtu anayebeba hivyo, liandikwe kwenye jalada. Kikao cha wazazi kikiitwa, mtu huyo aende. Watoto hawa wanaangalia sana nani kaja.

#24 Kisiki cha Mpingo
Nashukuru wote. Kesho asubuhi ni kata: afisa ustawi, jalada, kisha MEMKWA kabla ya mwezi wa tisa. Nimepima jioni hii kwa karatasi za #2. Aya alishindwa, maneno sita kati ya kumi alisoma, silabi zote. Hesabu za chenji hakukosa hata moja.

Limebaki moja. Anakataa katakata jina la baba liwepo popote. Karani, inawezekana?

#25 Karani wa Usajili
Kama wazazi hawakufunga ndoa, baba haandikwi bila ridhaa yake, kwa hiyo sehemu hiyo inaweza kubaki wazi kwenye cheti. Kama walifunga ndoa ni suala jingine, usiandike chochote kabla hamjampata mama. Shuleni kwa sasa tumieni jina lake na la babu mzaa mama, na afisa ustawi aandike kwenye jalada kwa nini. Mama yuko hai?

#26 Kisiki cha Mpingo
Anasema yuko Geita. Tunaanza kumtafuta Jumatatu.